Oedipus angetulia kwake Korintho, yale yangemkuta?

#1 Msomaji_Bombo (Jumamosi, saa 4 asubuhi)

Habari za wikendi wadau. Kuna jambo nataka tulibishanie hapa mpaka mechi za jioni zianze.

Mnamjua Oedipus. Laius, mfalme wa Thebes, aliambiwa na waaguzi wa hekalu la Delphi kwamba mtoto atakayemzaa na Jocasta atamuua. Mtoto alipozaliwa akatobolewa miguu, akapewa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, akampa mwenzake wa Korintho, na huko mtoto akalelewa na mfalme Polybus kama mwanawe wa kumzaa. Alipokuwa mtu mzima naye akaambiwa pale pale Delphi: utamuua baba yako, utamwoa mama yako. Akashtuka, akaapa harudi Korintho. Njiani, kwenye njia panda ya barabara tatu, akagombana na mzee aliyepanda gari la kukokotwa, akamuua. Mzee ndiye Laius. Akafika Thebes, akafumbua kitendawili cha Sphinx, dubwana lililoutesa mji, akapewa ufalme pamoja na mjane. Mjane ndiye mama yake.

Dai langu ni kwamba mbio ndizo zilizowaponza. Laius angemlea mtoto wake nyumbani, Oedipus angeijua sura ya baba yake na asingemgusa. Oedipus naye angerudi Korintho, yangekwisha. Hakuna majaliwa hapo, kuna watu wawili waliotishwa na maneno. Nani ananipinga?

#2 Boda_Ntinda

Bombo, watu hata rolex za chapati na mayai hawajamaliza unawaletea mambo ya mtu kumwoa mama yake. Kale. Jamaa angeapa mambo mawili tu: sipigi mzee yeyote, sioi mwanamke aliyenizidi umri. Delphi wangefunga ofisi.

#3 Nalongo_Jinja

@Boda_Ntinda 😂 wewe uape kutogombana barabarani? Jumatatu tu asubuhi pale Nakawa kiapo kimekwisha.

#4 Mwalimu_Tororo

Salaam wote. Msomaji, umeruka kipande ambacho ndicho roho ya kisa. Kwa Sophocles, mtunzi wa tamthilia yake, Oedipus hakwenda Delphi kuuliza ya mbele. Kwenye karamu huko Korintho mlevi mmoja alimrushia neno kwamba yeye si mtoto wa Polybus. Aliwauliza wazazi, wakamwakia yule mlevi kwa hasira, lakini neno halikumtoka moyoni. Ndipo akaondoka kwa siri kwenda Delphi, swali lake likiwa moja: nimezaliwa na nani?

Hilo hakujibiwa. Alipewa jingine kabisa, la kuua na la kuoa. Akatoka pale mbio, na ile shaka iliyomtoa nyumbani ameiacha mlangoni. Ghafla ana hakika Polybus ndiye baba! Mimi kila nikifundisha tamthilia hii nasimama hapo, kwa sababu mtu yule yule baadaye anafumbua kitendawili kilichowashinda Thebes nzima.

#5 Msomaji_Bombo

Mwalimu, umenisaidia mimi. Hofu ilimtoa akili. Angekaa na swali lake la kwanza akalitafutia jibu, asingeua mtu.

#6 Afande_Mstaafu

Asubuhi njema. Nimefanya kazi ya trafiki mpaka nikastaafu, naomba niichukue hiyo ajali ya njia panda maana naona wote mnaipita juu juu. Nimekisoma tena kile kipande. Oedipus yuko kwa miguu. Gari linakuja, mbele yake mtu wa kutangaza, na mzee amekaa ndani. Dereva na mzee wanamsukuma kijana atoke njiani kwa nguvu. Kijana anampiga dereva. Mzee anangoja kijana apite usawa wa gari, kisha anampiga katikati ya kichwa kwa fimbo ya kuswagia yenye ncha mbili. Hapo ndipo kijana anawamaliza, isipokuwa mtumishi mmoja aliyekimbia.

Kwa maelezo hayo mwenye gari ndiye wa kwanza kuchokoza. Ila kuua watu kwa sababu ya kusukumwa hakuna sheria inayokubali. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kusimama, hakusimama. Majaliwa yako wapi? Mimi naona hasira mbili kwenye barabara nyembamba. Baba na mwana wamefanana tabia.

#7 Nalongo_Jinja

Afande hiyo ya kufanana tabia imenigusa. Angelelewa nyumbani wangepigana sebuleni.

#8 Boda_Ntinda

Nalongo amempiga Bombo bao. 1–0.

#9 HajatiKibuli

Assalam alaykum. Naingia kidogo nina wageni. Haya mambo hayakuanzia kwa Wagiriki wala hayaishii kwao. Khalifa Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza, je, unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamtolea mfano wa mtu mwenye ngamia ameshuka kwenye bonde, upande mmoja una majani na mwingine mkavu. Akiwalisha huku ni kadari, akiwalisha kule ni kadari.

Basi Msomaji, kukimbia si kosa. Kosa ni kudhani umetoka nje ya uwanja.

#10 Msomaji_Bombo

Hajati shukran. Ila nauliza kwa adabu: Oedipus alikimbia upande wa majani au upande mkavu? Angejuaje?

#11 HajatiKibuli

Asingejua. Ndiyo maana mtu anaomba dua kabla ya safari. Nirudi kwa wageni.

#12 Mtoto_wa_Arua

Nina ushahidi hai. Nilipokuwa kijana mama alinikataza binti mmoja wa mtaa wetu hapa Arua. Sababu zake anazijua mwenyewe. Alipoona sisikii, akanifungia mzigo, akanipeleka kwa mjomba Masindi nikamsaidie dukani. Nikaenda kwa adabu zote.

Asubuhi ya kwanza mjomba akanipa dumu la njano, akaniambia nifuate watu nitaiona pampu. Foleni ndefu, madumu yamepangwa mstari, wenye madumu wamekaa kwenye kivuli cha mwembe. Naweka langu nyuma ya dumu lenye kamba nyekundu shingoni. Nainua kichwa kumwangalia mwenye dumu, ni yeye. Mama yake naye alikuwa amemwondoa Arua kwa ajili yangu, akampeleka kwa shangazi yake. Shangazi amepakana ua na mjomba wangu.

Mama wawili, kila mmoja kwa akili yake na bila kuambizana, wametutuma kwenye foleni moja. Leo tuna watoto, na wale mama wawili ndio wenye kugombania wajukuu. Msiniambie hakuna kitu.

#13 Boda_Ntinda

Uliuliza mapema shangazi anakaa wapi. Sema ukweli ndugu yangu.

#14 Mtoto_wa_Arua

Wallahi sikujua hata kama ana shangazi.

#15 Nalongo_Jinja

Mimi naona maelezo mepesi. Watu wa Arua wakitaka kumtoa mtoto mjini bila kumfikisha Kampala, wengi wana jamaa Masindi. Wakifika wanakaa karibu karibu kwa sababu wanajuana. Mama zenu hawakupelekwa na majaliwa, walipelekwa na undugu.

#16 Msomaji_Bombo

Na pia hiyo ya Arua inathibitisha #1! Wangewaacha mtaani labda wangechokana wenyewe.

#17 Mtoto_wa_Arua

Tusingechokana.

#18 Boda_Ntinda

Turudi kwenye faida. Swali kwa wasomi: kama imeshaandikwa timu yangu inashinda leo, nikibeti au nisipobeti si itashinda tu? Na kama imeandikwa nitakuwa na hela, nikae nyumbani zinifuate?

#19 Kijana_Makerere

Boda, swali lako lina zaidi ya miaka 2,000. Wagiriki waliliita hoja ya uvivu. Lilikuwa hivi: kama imepangwa utapona, utapona ukiita tabibu au usipomwita. Kama imepangwa hutapona, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo usimwite.

Aliyelijibu ni Chrysippus, mkuu wa tatu wa shule ya Wastoiki kule Athene, na mfano aliotumia ni huyu huyu Laius wa uzi huu. Huwezi kusema, “Imepangwa Laius atamzaa Oedipus, alale na mwanamke au asilale.” Kulala kumepangwa pamoja na kuzaa. Akaongeza mfano wa mieleka: huwezi kusema Milo atapigana mieleka Olympia awe na mpinzani au asiwe naye. Bila mpinzani hakuna mieleka. Kwa hiyo tabibu amepangwa pamoja na kupona, na jasho limepangwa pamoja na hela.

Kukaa nyumbani kunakuletea majaliwa ya aliyekaa nyumbani.

#20 Boda_Ntinda

Kwa hiyo nibeti?

#21 Kijana_Makerere

Sijasema hivyo!

#22 Afande_Mstaafu

Hii hoja ya uvivu mimi naifahamu vizuri. Nilimsimamisha kijana wa boda aliyepita kwenye taa nyekundu na abiria wawili. Akaniambia kwa upole, afande, hili lilikuwa limeshaandikwa. Nikamwambia ni kweli kabisa, na hiki ninachoandika hapa nacho kilikuwa kimeshaandikwa. Tukacheka wote wawili, na akalipa.

#23 Mwalimu_Tororo

Afande umekutana njia moja na Zeno, mwanzilishi wa Wastoiki, mtu wa Kition huko Kupro. Diogenes Laertius anasimulia kwamba Zeno alikuwa anamchapa mtumwa aliyeiba. Mtumwa akajitetea, nilipangiwa kuiba. Zeno akamjibu, na kuchapwa pia.

#24 Nalongo_Jinja

Boda, yule kijana wa taa nyekundu hakuwa mtu wa Ntinda kweli?

#25 Boda_Ntinda

Mimi siku hiyo nilikuwa nimepangiwa kuwa Entebbe.

#26 Mwalimu_Tororo

Na kuhusu kubeti, Boda, msikilize Croesus kabla hujaweka hela. Mfalme wa Lydia, sehemu ambayo leo ni Uturuki, karne ya 6 KK, tajiri mpaka jina lake likawa mfano. Alitaka kuwavamia Waajemi. Akatuma dhahabu nyingi Delphi, akauliza, akajibiwa: ukiwashambulia Waajemi utaangusha dola kubwa. Akafurahi. Akavuka mto Halys, akapigwa, na dola iliyoanguka ikawa ya kwake.

Sehemu inayonivutia inakuja baada ya hapo. Mwanahistoria Herodotus anasema Croesus, akiwa mateka wa Koreshi mfalme wa Waajemi, aliomba ruhusa apeleke minyororo yake Delphi aiweke mlangoni na kuuliza kama ndiyo kawaida ya miungu ya Wagiriki kuwa na shukrani ndogo hivyo. Akajibiwa mambo matatu. Kwanza, ulitakiwa uulize ni dola ipi. Pili, unalipa kosa la babu yako wa tano, yule Gyges aliyemuua bwana wake akachukua kiti. Tatu, Apollo, mungu mwenye Delphi, alijaribu kuwabembeleza Moirai deni lilipwe na watoto wako badala yako, wakakataa, lakini alikupatia nyongeza ya miaka mitatu.

Miaka mitatu! Mungu mzima, pamoja na dhahabu yote ile, amepata kuahirisha tu.

#27 Msomaji_Bombo

Deni la babu wa tano ndilo limenikalia vibaya. Croesus hata hakuwepo.

#28 MkulimaMityana

Kwani hapa hatulipi ya babu? Nenda mahakamani usikilize kesi za viwanja uone watu wanalipa sahihi ya dole gumba ya mwaka gani.

#29 Afande_Mstaafu

Moirai ni akina nani, kwa sisi tuliochelewa?

#30 Kijana_Makerere

Wanawake watatu, dada. Clotho anasokota uzi wa maisha ya kila mtu, Lachesis anaupimia urefu, Atropos anaukata. Mshairi Hesiod anawapa wazazi tofauti ndani ya shairi lile lile: kwanza ni watoto wa Usiku, mbele kidogo ni watoto wa Zeus, mkuu wa miungu, na Themis. Ugomvi wa wataalamu unaanzia hapo. Kama ni watoto wa Usiku wamemtangulia Zeus na hana amri juu yao. Kama ni mabinti zake, basi mzee ndiye mwenye nyumba.

#31 Modi

Nimeusogeza uzi huu kwenye jukwaa la Wikendi. Endeleeni kwa heshima.

#32 Boda_Ntinda

Atropos kapita na mkasi jamani, kaeni vizuri.

#33 Mwalimu_Tororo

Kwa Homer, mshairi wa vita vya Troy, mzee Zeus hana hakika na nyumba yake. Sarpedon, mwanawe Zeus, yuko mbele ya Patroclus na saa yake imefika. Zeus anawaza, nimnyakue nimrudishe kwao Lycia akiwa hai? Mkewe Hera hamwambii kwamba hawezi. Anamwambia: fanya, lakini sisi wengine hatutakusifu, na kila mungu mwenye mtoto vitani atataka kumnyakua wake. Zeus akanyamaza, akaangusha matone ya damu juu ya nchi kwa kumheshimu mwanawe, na Sarpedon akafa.

Kwa hiyo Kijana, mimi nasoma kwamba aliweza na akajizuia.

#34 Kijana_Makerere

Mwalimu, lakini mbele, Hector anapokimbizwa na Achilles kuzunguka kuta za Troy, Zeus anachukua mizani ya dhahabu anapima vifo vya wote wawili. Upande wa Hector unashuka, Apollo anamwacha hapo hapo. Mwenye uamuzi hapimi. Anayepima anataka kuambiwa.

#35 Mwalimu_Tororo

Hakimu naye ana mizani, na hukumu ni yake.

#36 MkulimaMityana

Mmezunguka Ugiriki yote na mmeruka nyumbani. Mimi natoka jirani na Ttanda. Ggulu, mwenye mbingu, alipomwoza Kintu, mtu wa kwanza wa Baganda, binti yake Nambi aliwaambia, ondokeni alfajiri kabla kaka yake Walumbe, yaani Kifo, hajarudi, na mkisahau kitu msirudi. Njiani Nambi akakumbuka bulo, yaani ulezi, ya kuku wake. Akarudi. Walumbe akamwona, akamfuata mpaka duniani, na tangu siku ile watu wanakufa.

Sasa hapo kuna majaliwa gani? Kuna katazo, kuna kuku, kuna mtu aliyerudi. Kifo chetu kimetoka kwenye kutosikia. Cha Oedipus kimetoka kwenye kusikia kupita kiasi. Hilo ndilo nililotaka mlifikirie.

#37 Nalongo_Jinja

Subiri hapo hapo ssebo. Bibi yangu alisema aliyerudi ni Kintu. Nambi alikumbuka, Kintu akaenda kuichukua. Wanaume mnapenda sana kutubebesha hiki kifo.

#38 MkulimaMityana

Nnyabo, huku kwetu ni Nambi.

#39 Nalongo_Jinja

Huko kwenu nani alikuwa anasimulia, mwanamke au mwanaume?

#40 Mwalimu_Tororo

Masimulizi yote mawili yapo, na yote yameandikwa. Msigombane.

#41 Nalongo_Jinja

Tutagombana Mwalimu, ni wikendi.

#42 MkulimaMityana

Nimalizie. Watoto wa Kintu walipoanza kufa, Kayikuuzi alitumwa kutoka juu aje kumrudisha ndugu yake Walumbe. Watu wakaambiwa waingie ndani, na atakayemwona Walumbe asipige kelele. Kayikuuzi akamwandama, Walumbe akawa anazama ardhini, huyu anachimbua, yule anazama kwingine. Mashimo ya Ttanda ndiyo hayo. Nikiwa mdogo tulipita hapo tukichunga. Midomo ya mashimo ni myembamba kuliko mtu anavyodhani, majani yameota pembeni, na mkubwa wetu alitushika mikono tusiiname. Mwishowe Walumbe akatokeza, watoto wakamwona wakapiga yowe, akazama tena. Kayikuuzi akachoka, akarudi kwao. Watoto walikuwa wamebakiza kidogo sana.

#43 Mwalimu_Tororo

Mkulima, asante sana. Umenikumbusha Alcestis, na sikuwahi kuviweka pamoja visa hivi. Tamthilia ya Euripides, iliigizwa Athene mwaka 438 KK. Admetus, mfalme wa Pherae, saa yake imekaribia. Apollo ana deni la wema kwake, anakwenda kwa Moirai, anawahadaa (Aeschylus, mtunzi mwingine, anasema kwa kuwalewesha mvinyo), wanakubali kwamba Admetus atapona akipatikana mwingine wa kufa badala yake. Anawaomba baba na mama, wazee kabisa, wanakataa. Mkewe Alcestis anakubali na anakufa. Shujaa Heracles anapita pale kama mgeni, anapata habari, anakwenda kumvizia Mauti kaburini, anamkaba, anamnyang'anya mwanamke na kumrudisha nyumbani akiwa hai.

Mwanamume mmoja anapambana na Kifo uso kwa uso, kule na huku. Heracles alishinda, Kayikuuzi alishindwa. Kwa nini?

#44 Boda_Ntinda

Heracles alikuwa peke yake kaburini. Kayikuuzi alikuwa na watazamaji.

#45 MkulimaMityana

Hilo ni jibu zuri kuliko umri wako.

#46 Afande_Mstaafu

Heracles alimwokoa mtu mmoja. Kayikuuzi alitaka kuwaokoa wote na wa baadaye. Kazi hazilingani. Alcestis mwenyewe si alikufa tena uzeeni?

#47 HajatiKibuli

Wageni wameondoka, nimesoma yote. Hao Moirai wa kuleweshwa ndipo ninapoachana na Wagiriki. Jambo linalobadilishwa na mtungi wa pombe halikuwa limeandikwa, lilikuwa limewekwa tu mezani.

#48 Boda_Ntinda

Hajati, ni mvinyo wa Kigiriki lakini. Wangepewa pombe yetu ya malwa na mirija wakakaa mduara, Admetus angeishi mpaka leo.

#49 Nalongo_Jinja

Mimi niko kwa Admetus bado. Mwanaume anazunguka kuuliza nani atamfia! Anamwomba mama yake aliyembeba! Halafu mke anakubali, na yeye anakubali kwamba amekubali? Huyo si kisa cha majaliwa, huyo ni wa kuitiwa kikao cha ukoo.

#50 Msomaji_Bombo

Nalongo, kwa haki, kwenye tamthilia baba yake anamwambia hivyo hivyo usoni, tena msibani: unapenda kuona mwanga wa jua, unadhani mimi siupendi?

#51 Nalongo_Jinja

Mzee huyo nampa mkono.

#52 Afande_Mstaafu

Ngojeni niwape mtu wetu. John Akii-Bua, askari polisi kama mimi. Munich 1972, fainali ya mita 400 kuruka viunzi, wamepangiwa njia, yeye kapewa namba 1, ya ndani kabisa. Mtu yeyote wa riadha atakuambia kwenye viunzi njia hiyo ni mateso, kona zinabana. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, yumo, Ralph Mann wa Marekani yumo. Akii-Bua akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kushuka chini ya 48, na dhahabu ya kwanza ya Uganda. Lachesis alimpimia pabaya na akapita.

#53 Kijana_Makerere

Na mwaka 1976 Afande? Montreal, nchi za Afrika zikasusa kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini. Akii-Bua hakukimbia, Edwin Moses akachukua dhahabu. Pale hakukosea kitu, hakukimbia kitu, hakukataa kitu. Nadharia zote za uzi huu zinamgusa wapi?

#54 Afande_Mstaafu

Hapo sina la kusema. Inaniuma mpaka leo.

#55 MkulimaMityana

Tukangoja dhahabu nyingine miaka 40 mpaka Kiprotich, London 2012.

#56 Kijana_Makerere

Ndiyo maana mimi nampenda mwanafalsafa Epicurus. Alisema afadhali kufuata hadithi za miungu kuliko kuwa mtumwa wa hayo majaliwa ya wanafalsafa wa maumbile, maana miungu angalau unaweza kutumaini kuibembeleza. Mambo mengine ni bahati, mengine yako mikononi mwetu. Montreal ilikuwa siasa ya watu.

#57 HajatiKibuli

Na waliosusa walikuwa na haki yao. Msilisahau hilo mkihesabu medali.

#58 Mwalimu_Tororo

Kabla mechi hazijaanza nawaachia Plato. Mwishoni mwa kitabu chake cha Jamhuri, roho za waliokufa zinasimamishwa mbele ya Lachesis. Kura zinatupwa kutoka mapajani mwake, kila roho inaokota zamu yake, kisha kila moja inachagua maisha yatakayofuata, yamemwagwa chini kama bidhaa za soko la Owino. Mtangazaji anasema: lawama ni ya aliyechagua, Mungu hana lawama. Wa kwanza anarukia udikteta bila kuugeuza, baadaye anaona ndani yake mna kuwala watoto wake mwenyewe. Odysseus zamu yake ya mwisho kabisa. Amechoka na sifa. Anatafuta mpaka anayapata maisha ya mtu wa kawaida asiye na makuu, yametupwa pembeni, na anasema hata ningekuwa wa kwanza ningechukua haya.

Je, nyinyi mngechagua nini?

#59 Mtoto_wa_Arua

Foleni ile ile ya Masindi.

#60 Boda_Ntinda

Udikteta wa nchi ndogo, bila watoto.

#61 Msomaji_Bombo

Mwalimu, Plato amehamisha tatizo tu. Nani aliyeipanga zamu ya kura? Na roho inachagua kwa tabia iliyotoka nayo maisha ya nyuma. Oedipus angechagua njia panda tena.

#62 Afande_Mstaafu

Kama ni tabia, nimesema hivyo tangu #6.

#63 Nalongo_Jinja

Nimemuuliza mume wangu Salongo kama angenifia kama Alcestis. Ameniambia kufa hapana, ila yuko tayari kuwa Heracles, aende kumvizia Mauti kaburini usiku kucha, akipewa tochi. Nimemkubalia. Wanaume wengine wa humu waulizeni wake zenu mje na majibu, na Mkulima wewe uje na jina la aliyekusimulia Nambi.

#64 MkulimaMityana

Ni shangazi.

#65 Nalongo_Jinja

Haiwezekani. Mpigie simu uhakikishe.